Mundu Ulio Ndani ya Damu

Msimu wa mavuno ya mpunga ukiwadia katika mabonde ya Turiani, chini ya Milima ya Nguru, mundu hupata heshima kuliko vyombo vingine vyote vya nyumbani: kipande cha chuma kilichopinda kama mwezi mwandamo, chenye mpini mfupi wa mti na makali yaliyolika kwa kunolewa, ambacho mkono wa kuume hukivuta taratibu ilhali wa kushoto umekamata masuke. Sikupata kukitazama chombo hicho kwa hofu mpaka siku nilipoinamia hadubini ya maabara, nikaona tone la damu ya mtoto lililotandazwa juu ya kioo na kutiwa rangi, na katikati ya seli za mviringo zilizotulia mlikuwa na nyingine ndefu, nyembamba, zilizochongoka ncha zote mbili na kupinda, mithili ya miundu iliyotupwa majarubani baada ya kazi. Ndipo nilipofahamu kwa nini matabibu wetu wanayaita maradhi yale selimundu.

Mwili wa mwanadamu hauna kitu kilicho hai kwa nafsi yake kilicho kidogo kuliko seli. Kila seli ina utando, ambao ndio mlango na ndio bawabu, ukiruhusu chakula kuingia na taka kutoka. Ndani ya utando mna ute, na ndani ya ute mna vyombo vya kazi, miongoni mwavyo mitokondria, ambazo huichoma sukari kwa msaada wa oksijeni zikatoa nguvu, hata yaweza kusemwa kwamba safari ya muwa uliokatwa katika mashamba ya Mtibwa haiishii kiwandani wala katika kikombe cha chai, bali humo. Na tena mna kiini, kilichohifadhi kromosomu 46, yaani 23 za baba na 23 za mama, ambazo ndizo hati ya urithi wa mtu.

Seli nyekundu ya damu, hata hivyo, ni mtumishi wa namna ya peke yake. Inapoumbwa katika uboho wa mifupa huwa na kiini kama nyingine, lakini inapokomaa hukitupa nje, pamoja na mitokondria zake, ili ipate nafasi ya kubeba shehena ya hemoglobini, ile protini yenye chuma inayochukua oksijeni kutoka mapafuni. Umbo lake ni la kisahani kilichobonyea pande zote mbili, nacho ni kidogo mno: seli elfu moja zikipangwa safu moja hazitimizi sentimita moja. Huishi siku zipatazo 120, ikipita katika vishipa vilivyo vyembamba kuliko yenyewe, nayo hujikunja, ikapenya, ikarudia umbo lake.

Ila ya selimundu ni ndogo kiasi cha kustaajabisha. Mwaka 1949 Linus Pauling na wenziwe huko Marekani walibainisha kwamba kasoro imo katika hemoglobini yenyewe, na kuanzia mwaka 1956 Vernon Ingram, huko Cambridge, akapaonyesha mahali hasa: katika mnyororo wenye amino asidi 146, ile ya sita imeondoka na nyingine imekaa mahali pake. Kwa badiliko hilo moja, hemoglobini ikishaachana na oksijeni hushikamana ikawa nyuzi ngumu, seli ikapinda, ikashindwa kupenya, ikaziba njia. Hapo ndipo mtoto hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa, vidole vikavimba, macho yakageuka manjano. Na seli yenyewe, badala ya kutimiza siku zake 120, hufa baada ya siku 10 hata 20, uboho ukaelemewa na kazi ya kuziba pengo.

Kwa nini basi urithi mzito kama huu haukutoweka tangu zamani? Jawabu lilipatikana huku kwetu Afrika Mashariki. Anthony Allison, tabibu aliyelelewa Kenya, aliona kwamba urithi huo ni mwingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na ni haba katika nyanda za juu zenye baridi. Mwaka 1954 akachapisha hoja kwamba aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye kwa kawaida haugui selimundu, hupata ngao dhidi ya malaria. Ayajuaye mabonde yetu, maji yaliyotuama majarubani na mbu wa usiku, hana haja ya kuelezwa zaidi. Urithi huu si uchawi wala laana; ni alama ya wazee waliosalimika.

Sasa nifike kwenye neno langu. Wanguu na Wazigua, ambao ndio wenyeji wa milima hii na mabonde yake, pamoja na jirani zao Waluguru, huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na sauti ya mjomba katika posa si ndogo. Utaratibu huo una hekima yake, nami siupingi. Walakini nimesikia kwa masikio yangu, msibani, mama aliyefiwa na mtoto akinong'onwa kwamba damu ya ukoo wao ni mbaya, ilhali baba mtu ameketi miongoni mwa wanaume akipewa pole kama aliyedhulumiwa. Hiyo si insafu. Selimundu haimpati mtoto ila apokee urithi wa hemoglobini yenye kasoro kwa baba na kwa mama pia. Na wazazi wawili walioibeba, kila mmoja kwa nusu pasipo kujua, kwa kila mimba wana robo ya bahati ya kupata mtoto mgonjwa, nusu ya kupata mbebaji kama wao, na robo ya kupata asiye na kitu. Kila mimba ni hesabu mpya, na hesabu hiyo haijui ukoo wa kuumeni wala wa kukeni.

Watakuwapo watakaosema kwamba kupima kabla ya ndoa kutavunja uchumba na kuwatia watu aibu. Sisemi wachumba watengane; hayo ni yao na nafsi zao. Nasema waingie nyumbani macho wazi, ili mtoto wao akizaliwa na maradhi haya apate mapema penisilini, vidonge vya foliki asidi, kinga ya malaria na dawa ya haidroksiyurea, kabla ya kupitishwa mlango kwa mlango kwa waganga. Yakadiriwa kwamba nchini mwetu Tanzania huzaliwa kila mwaka watoto wapatao 11,000 wenye selimundu, na wengi wao hujulikana wakiwa wamekwisha kuumia. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga; na asiyeyajua hana hata la kuficha.

Serikali nayo ina lake. Mtoto anapopelekwa kliniki kwa chanjo na kupimwa uzani, tone moja la damu ya kisigino lingetosha kutambua hali yake, na kipimo hicho kingestahili kuwa haki ya kila kijiji na si bahati ya wakaao karibu na hospitali kubwa.

Mavuno yakiisha, washenga wataanza kupita. Mjomba atakayeketi mkekani kuipokea posa na aulize ukoo, aulize tabia, aulize mahari kama ilivyo desturi. Kisha, kabla ya kupokea chochote, awaulize vijana wote wawili, na si binti peke yake: je, mmepima damu?