Vali isiyohitaji programu

Wasomaji, leo najisema mwenyewe. Vifaranga wa mama yangu huko Litein huhitaji nyuzi 33 hivi wiki ya kwanza, na baridi ya usiku wa Kericho mnaijua. Nikaunda kidhibiti cha hita ya gesi: sensa, programu, vali ya umeme. Mvua ikaja, stima ikapotea, vali ikajifunga, moto ukazimika. Vifaranga 40 wakafa.

Sisi watu wa kompyuta hatuulizi kwanza stima ikipotea itakuwaje. Sasa tumefunga vali ya kimakanika: kimiminika ndani ya kichupa cha chuma hutanuka joto likipanda, gesi ikapungua, likishuka, gesi huongezeka. Basi! Waingereza walikuwa na oveni za gesi zinazojirekebisha joto tangu 1923. Mama hataki hata niisogelee hita yake.