Mtoto wa Kihadzabe na Neno "Utoro"

Katika daftari la mahudhurio limo neno moja ambalo mwalimu huliandika upesi na kulitafakari kwa nadra, nalo ni utoro. Neno hilo hutuarifu kwamba mtoto hayupo. Halituambii sababu ya kutokuwapo kwake, wala halituulizi iwapo shule nayo ina sehemu yake katika jambo hilo. Katika makala haya twakusudia kulipima neno hilo kwa mfano wa watoto wa Kihadzabe, ambao mara nyingi huliacha bweni na kurudi porini kwa wazazi wao. Maoni yetu ni kwamba mwalimu aliyehitimu mafunzo yake hana haki ya kumwita mtoto wa namna hiyo mtoro mpaka kwanza ameyachunguza mazingira ya shule yake na mbinu zake mwenyewe za kufundishia.

Wahadzabe wanakadiriwa kuwa zaidi kidogo ya watu 1,000. Wanaishi kandokando ya Ziwa Eyasi, katika wilaya za Mbulu, Karatu, Mkalama na Meatu. Baadhi yao hadi leo hupata sehemu kubwa ya chakula chao kwa kuwinda, kurina asali, kuchimba mizizi na kuchuma matunda na ubuyu. Kambi zao ni ndogo, aghalabu za watu ishirini au thelathini, nazo huhama kwa kufuata maji, wanyama na matunda. Hawana watemi, nyama iletwayo kambini hugawiwa wote. Lugha yao ina sauti za vidoko, na wataalamu hawajaweza kuthibitisha kwamba ina udugu na lugha nyingine yoyote. Kwa hiyo mtoto wa Kihadzabe aingiaye darasa la kwanza bila Kiswahili hana hata faida waliyo nayo watoto wengi wa Kibantu, ambao huyatambua baadhi ya maneno kwa kuwa yanafanana na ya nyumbani.

Jaribio la kuwakalisha Wahadzabe mahali pamoja si geni. Katikati ya miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya wengi wao Yaeda Chini, ikawapa chakula, shule na zahanati. Nia ilikuwa njema. Lakini watu waliozoea kambi ndogo zenye kuhamahama walijikuta wamesongamana, magonjwa yakaenea, na baada ya muda wengi wakarudi porini. Funzo la tukio hilo kwa mwalimu ni wazi: huduma nzuri itolewayo bila kuujua mwenendo wa maisha ya wapokeaji yaweza kukimbiwa, na wanaoikimbia huenda wana sababu za haki kabisa.

Hebu tufikirie mambo anayoyapoteza mtoto huyu siku ya kwanza bwenini. Porini alikuwa akijichumia matunda tangu akiwa mdogo. Sasa anangoja kengele ili apate ugali. Alikuwa akilala karibu na ndugu zake wa rika zote. Sasa anatengwa nao kwa madarasa. Kambini aliongozwa kwa mazoea na mfano wa wakubwa. Sasa anakutana na amri na fimbo. Lugha pekee aliyoijua inachekwa na wenzake, na pengine hata na mwalimu wa zamu. Mtu mzima angetikisika kwa mageuzi hayo yote kwa siku moja, sembuse mtoto wa miaka saba. Upweke na fedheha ni maradhi, ingawa hayaonekani kwa kipima joto. Mtoto mwenye maradhi hayo hawezi kujifunza.

Nchi nyingine zimelipa gharama kubwa kwa kulidharau jambo hili. Nchini Kanada, kwa zaidi ya miaka mia moja, watoto wa wenyeji asilia wapatao 150,000 au zaidi walipelekwa katika shule za bweni zilizogharimiwa na serikali na kuendeshwa kwa sehemu kubwa na makanisa. Walikatazwa lugha zao, wengi walitendewa ukatili, na maelfu walifia huko. Shule ya mwisho ilifungwa katika miaka ya 1990. Waziri Mkuu wa nchi hiyo aliomba radhi bungeni tarehe 11 Juni, 2008, na mwaka 2015 Tume ya Ukweli na Maridhiano ikatoa miito 94 ya kurekebisha madhara hayo. Hata hivyo majonzi, ulevi na kukata tamaa vimewafikia vijana ambao hawakuwahi kuziona shule zile. Shule zetu hazikuanzishwa kwa kusudi la kuua lugha ya mtu, na hatutaki kuzifananisha na zile. Lakini mtoto anayeaibishwa kwa sababu ya lugha yake huumia, hata kama hakuna aliyekusudia kumwumiza.

Nyuzilandi inatuonyesha njia nyingine. Mwaka 1982 Wamaori walifungua cha kwanza kati ya vile walivyoviita viota vya lugha, yaani vituo ambamo wazee huwalea watoto wadogo kwa kusema nao Kimaori. Mwaka 1987 Kimaori kikawa lugha rasmi ya nchi. Hapakuhitajiwa zana za thamani kubwa kuanza kazi hiyo. Wazee waliojua lugha na watoto wa kuwasikiliza walitosha.

Wapo watakaouliza: Je, si afadhali kuwaacha Wahadzabe na maisha yao? Sisi twasema hapana, maana ulimwengu haukuwaacha. Malisho na mashamba yamewapunguzia ardhi. Utalii umewaletea fedha, na pamoja na fedha pombe. Kwa upande mwingine, mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya haki miliki ya kimila kwa pamoja, na misitu wanayoitunza sasa huwaingizia fedha kwa mpango wa hewa ya ukaa. Kazi yao ya kuhifadhi ilitunukiwa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa mwaka 2019. Hati, ramani, mikataba na hesabu za fedha hizo zinahitaji vijana wa Kihadzabe wawezao kusoma na kuhesabu. Asiyejua kusoma atasomewa na mwingine, na huyo mwingine huenda asisome yote.

Wengine watasema kwamba kumshughulikia Mhadzabe kwa namna ya pekee ni kuvunja usawa. Hoja hiyo yachanganya usawa na ufanano. Daktari hawapi wagonjwa wote dawa moja kwa kuwa wote ni raia.

Basi mwanachuo atakayepangiwa shule ya huko afanye nini? La kwanza, ajifunze salamu na maneno ya darasani ya lugha ya watoto, na amruhusu mwanafunzi mkubwa kumfasiria mdogo. Kiswahili hujengwa vema juu ya lugha ambayo mtoto haionei haya.

La pili, maandalio ya somo yaanzie katika mambo ayajuayo mtoto. Somo la kugawanya lianze na mgawanyo wa ubuyu kambini. Somo la kutegemeana kwa viumbe lianze na yule ndege aongozaye watu kwenye mzinga naye akapata nta. Mtoto ajuaye kusoma nyayo amekwisha kuzoea kuona alama na kutambua maana yake. Somo la kusoma lianzie hapo.

La tatu, tuwe waangalifu na mashindano. Mtoto aliyelelewa katika jamii isiyopenda majivuno huweza kunyamaza kwa makusudi ili asionekane amewapita wenzake. Kazi za vikundi zitamfungua kinywa.

La nne, ndugu walazwe bweni moja inapowezekana, wazazi wakaribishwe kulala shuleni wanapokuja, na matunda ya msimu yaingie katika chakula cha shule. Awepo pia mtu mzima mmoja, ikiwezekana Mhadzabe, ambaye mtoto aweza kumweleza huzuni yake bila kuogopa adhabu. Kijana anayemaliza shule naye aelekezwe mapema kwenye nafasi zilizopo: ulinzi wa misitu, uuguzi, na zaidi ya yote ualimu.

Hayo yote hayangoji waraka kutoka wizarani. Yamo katika uwezo wa mwalimu mmoja mwenye nia. Na siku kiti cha mtoto kitakapokuwa kitupu, mwalimu huyo asikimbilie kalamu nyekundu. Aende kambini, aketi, aulize, kisha ayaandike aliyojibiwa. Majibu hayo yatamfaa mwalimu atakayepokea darasa lake kuliko neno "utoro" lililoandikwa mara mia.