Kiwewe hakitibiwi kwa Panadol

Kwa miaka mingi nimewapokea wagonjwa Kitale na Bungoma wanaolalamikia kuumwa kichwa, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi. Ukiwapima, huoni malaria wala shinikizo la damu. Nakiri kwamba niliwaandikia vidonge vya maumivu nikawaaga. Ilinichukua muda kujifunza kuuliza: "Ulikuwa wapi mwaka 2007?"

Wengi walikuwa Mlima Elgon. Kati ya 2006 na 2008, kundi la SLDF liliua watu, likawakata wengine masikio na kuwafukuza makwao kwa ugomvi wa mashamba. Jeshi lilipoingia Machi 2008, wanaume wengi walikamatwa na kuteswa, na baadhi yao hawakuonekana tena. Bunduki zilinyamaza, lakini usiku wako wanaozisikia hadi leo. Hicho ndicho kiwewe.

Ipo tiba isiyojulikana sana kwetu. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Francine Shapiro, aligundua kwamba mawazo yaliyomsumbua yalipungua makali macho yake yaliposogea huku na huku. Alichapisha utafiti wake mwaka 1989. Katika tiba hii mgonjwa hulikumbuka tukio huku macho yakifuata mkono wa mtaalamu, kushoto na kulia, kwa muda mfupi. Kisha hupumzika, hueleza kilichomjia, na kuanza tena. Mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliipendekeza tiba hii.

Je, yanayoponya ni macho? Wataalamu wangali wanabishana. Wako wanaosema kwamba akili ikishughulika na mambo mawili kwa pamoja, kumbukumbu hupoteza makali. Wengine husema dawa ni kule kulikabili tukio lenyewe. Mimi napendezwa na jambo moja: mgonjwa halazimiki kusimulia kila kitu. Kwa mama aliyebakwa, au mzee anayewaogopa waliomtesa, hilo si jambo dogo.

Hata hivyo, usijaribu nyumbani. Kumbukumbu ikifunguliwa bila mtaalamu yaweza kumzidi mtu nguvu. Ndiyo maana nazisihi kaunti za Bungoma na Trans Nzoia ziwafunze wauguzi na maafisa wa kliniki wa afya ya akili, ili tiba hii ipatikane karibu na mlima, si Nairobi pekee.

Nawe msomaji, kama hulali, mweleze daktari uliyoyapitia, hata asipokuuliza.