Usiache Mbachao kwa Msala Upitao

Imezuka tabia miongoni mwa wataalamu wetu wa kompyuta ya kudhani kuwa kipya kina idhini ya kukiua cha zamani. Mimi ni mwanaisimu, si mhandisi. Hata hivyo naona jambo hili lina mzizi mmoja na lugha. Anayetaka kuupima uzito wake na aende Malaba.

Pale mpakani lori litokalo Mombasa halivuki kwa magurudumu pekee, bali kwa hati zinazosomwa na mifumo miwili. Kenya ilianza kutumia mfumo wa Simba mwaka 2005, uliotokana na ule wa Senegali uitwao Gaïndé, neno la Kiwolofu lenye maana hiyo hiyo ya simba. Baadaye ikauhama na kuingia iCMS. Uganda nayo hutumia ASYCUDA, uliobuniwa na Umoja wa Mataifa. Upande mmoja ukibadilisha chake, sharti ukumbuke kuwa jirani angali anasoma kwa macho ya jana. Usipokumbuka, atakayelala barabarani ni dereva, wala si mwandishi wa programu.

Ndani ya kompyuta moja mna mipaka kama hiyo. Programu nyingi hutegemea maktaba ya pamoja, yaani hazina ya kazi za kawaida ambazo kila programu huziazima badala ya kujiandikia zake. Mwaka 2010 glibc, maktaba kuu ya Linux, ilibadilisha namna ya kunakili data ili kuharakisha kazi. Katika Fedora 14, sauti za Flash zikaharibika. Wenye maktaba wakasema Flash ndiyo iliyovunja kanuni iliyoandikwa. Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, akawapinga: mtumiaji hajali kanuni, anachojua ni kuwa jana ilifanya kazi. Mwaka 2011 toleo la 2.14 likaleta suluhu: jina moja likabeba matoleo mawili, programu za zamani zikabaki na tabia ya zamani, mpya zikapewa mpya.

Ugomvi huo, wa kanuni ya kitabuni na matumizi ya watu, wanaisimu tunaujua sana. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili, lakini tungo za Kiamu na Kimvita hazikuzikwa. Mwalimu huzisomesha hadi leo kwa msaada wa sherehe ya maneno mwishoni mwa kitabu. Lile jina lenye matoleo mawili ndilo sherehe ya kompyuta.

Sisemi kila cha kale kidumu milele. Tundu la usalama halina budi kuzibwa, na gharama ya kutunza matoleo mengi si ndogo. Ninachodai ni kwamba anayebadilisha kitu cha wengi atoe taarifa mapema, aweke muda wa mpito, na ajaribu kazi za zamani juu ya toleo jipya kabla ya kulitoa. Walimu wa kompyuta, wapeni wanafunzi zoezi hilo kabla ya kuwafunza kubuni vipya.