Mhudumu wa Ndege Naye Ni Mfanyakazi



Siku hizi katika nyumba nyingi za wanachama wetu hapa Juba, kuanzia Gudele mpaka Kator, yumo kijana anayengoja tangazo la shirika la ndege. Mzazi yuko kiwandani au shambani. Binti amemaliza sekondari, Kiingereza anakijua, na hamu yake ni kuwa mhudumu wa ndege. Mara nyingi usaili wenyewe hufanywa mbali, kwa hiyo kijana hupanda basi, akapita Nimule na Kampala mpaka Nairobi. Nauli hiyo ni jasho la mzazi. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni letu.

Wako ndugu wanaotucheka. Wanasema chama kishughulike na mapanga, mashine na mishahara, mambo ya warembo kiwaachie warembo. Tunawajibu kwamba mtu anayeuza nguvu zake apate mshahara ni mfanyakazi, avae ovaroli au avae kofia nyekundu na kitambaa cha shingoni.

Tumewasindikiza vijana wetu kwenye siku kama hiyo, tukaona kwa macho. Wanafika alfajiri, mamia kwa mamia, nguo zimepigwa pasi, viatu vipya vinauma. Kila mmoja ameshika karatasi ya maelezo yake na picha. Mwakilishi wa shirika anapokea karatasi, anauliza maneno mawili matatu, anautazama uso. Kisha watu wanapimwa kama mkono unafika juu. Baadaye wanawekwa katika vikundi wajadiliane. Kila hatua ikiisha zinasomwa namba za wanaobaki, na wengine wanaambiwa asanteni, nendeni nyumbani. Sababu hawaambiwi.

Sisi tunalijua lango hilo. Ni lile lile la kiwanda ambapo vibarua husimama asubuhi, na nyapara akanyosha kidole: wewe, wewe na wewe. Wazee wetu wa mashamba ya mkonge Tanganyika walilijua pia. Tangu mwaka 1944 ofisi iliyoitwa SILABU iliwaandika watu wa mbali kwa mikataba, wakapewa namba, na ndiyo maana waliitwa manamba. Hatusemi mhudumu wa ndege ni manamba. Mashirika makubwa ya Ghuba hulipa vizuri kuliko kazi nyingi za hapa, hutoa na nyumba ya kulala, na wako mabinti wa Afrika Mashariki waliowajengea wazazi wao. Tunasema tu kwamba mtu anapochaguliwa kwa namba, yampasa ajue anachaguliwa kwa kazi gani na kwa masharti gani.

Tuanze na kazi yenyewe. Wengi hudhani kazi ya mhudumu ni kutabasamu na kugawa chai. Kazi yake ya kwanza ni kuokoa watu. Kanuni za ndege kubwa zinataka ionyeshwe kwamba abiria wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, huku nusu ya milango imefungwa. Tarehe 3 Agosti 2016 ndege ya Emirates ilianguka kwenye njia ya kutua Dubai ikashika moto. Ndani walikuwamo watu 300, na wote 300 walitoka hai, ingawa mzimamoto mmoja alikufa nje. Waliowatoa abiria ni wahudumu, watu wale wale waliopanga foleni siku ya usaili.

Sisi wa Juba hatuhitaji kufundishwa kwamba ndege si mchezo. Tarehe 4 Novemba 2015 ndege ya mizigo aina ya Antonov ilianguka kando ya Nile mara tu baada ya kuruka kutoka uwanja wetu, ikaua watu zaidi ya 30. Tarehe 29 Januari 2025 ndege ndogo iliyobeba wafanyakazi wa mafuta ilianguka katika jimbo la Unity. Kati ya watu 21 wakafa 20.

Kwa hiyo yako masharti yenye haki. Mashirika ya Ghuba yanataka mkono ufike sentimita 212 mtu akisimama kwa ncha za vidole, kwa sababu vifaa vya hatari vimewekwa juu. Hilo ni sharti la kazi, wala hatulipingi. Lakini ndoa inazuia nini mlango kufunguliwa? Mwaka mmoja zaidi wa umri unapunguza nini? Masharti ya namna hiyo ni matakwa ya tajiri tu.

Marekani ndiko yalikopatikana mafunzo. Mwanamke wa kwanza wa kazi hii, Ellen Church, aliajiriwa mwaka 1930, naye alikuwa muuguzi. Baadaye yako makampuni yaliyomfukuza mhudumu akiolewa, au akifika miaka 32. Wanawake wale waliunda chama chao mwaka 1945. Kwa mikataba na kwa kesi, masharti hayo yalivunjwa katika miaka ya 1960 na 1970. Hakuna tajiri aliyeamka asubuhi akawapa haki ile bure.

Ghuba vita hiyo imechelewa. Mwaka 2015 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa uamuzi juu ya malalamiko ya vyama vya wafanyakazi, likasema Qatar iliachia shirika lake la ndege kuwabagua wanawake. Mkataba uliruhusu mwenye mimba aachishwe kazi. Tena mhudumu mwanamke alikatazwa kuletwa au kuchukuliwa kazini na mwanamume asiye baba, kaka au mume wake. Baada ya kelele hizo masharti ya ndoa na mimba yalilegezwa. Lakini angalieni: waliopiga kelele walikuwa vyama vya nje. Katika Falme za Kiarabu chama cha wafanyakazi hakiruhusiwi, na Qatar mgeni hana ruhusa ya kuunda chama. Binti yetu akionewa huko, hana mwakilishi wa kumkimbilia.

Liko na suala la saa. Mchuma chai analipwa kwa kilo, na muda wa kungoja mizani haulipwi. Mashirika mengi hulipa wahudumu hivyo hivyo: posho huhesabiwa ndege ikiwa safarini, na kazi ya kuwapandisha abiria ni sadaka. Agosti 2025 wahudumu wa Air Canada wapatao 10,000 waligoma kwa ajili hiyo. Serikali iliwaamuru warudi kazini, wao wakasimama. Mapatano ya tarehe 19 Agosti yakaingiza malipo ya kazi ya chini. Hao ndio warembo mnaowacheka!

Kwa hiyo tunawaambia vijana: nendeni, lakini nendeni macho wazi. Wakala akidai fedha ili akupatie nafasi, mkimbie. Mkataba Na. 181 wa ILO wa mwaka 1997 unasema mtafuta kazi asitozwe. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Uliza mshahara wa msingi ni kiasi gani bila posho, saa za chini zinalipwaje, mimba ikipatikana inakuwaje, na ukiacha kazi unadaiwa nini.

Wazazi, binti akirudi bila kazi msimwambie ana kasoro. Walikuwa mamia na nafasi zilikuwa chache. Aliyesimama kwenye foleni ile tangu alfajiri hakufanya la aibu.

Na chama nacho kina wajibu wake. Sudan Kusini iliridhia Mkataba Na. 111 unaokataza ubaguzi kazini mwaka 2012. Tunataka masharti yasomwe kabla kijana hajatumia nauli, na anayekataliwa aambiwe sababu. Tunataka matawi yetu yawaandikishe wafanyakazi wa uwanja wa ndege wa Juba, wapakia mizigo, wasafishaji na wahudumu, pamoja na wa viwanda na mashamba. Ndugu, binti akiondoka Juba kwenda kuhudumia ndege za watu, aondoke akijua kwamba nyuma yake kuna chama kinachomhesabu kuwa mwenzao.