Kadi ya Benki Ikipotea Tusingoje Mwisho wa Mwezi



Natoa maoni yangu kuhusu jambo linalowaumiza wafanyakazi wengi, hasa sisi tulio vijijini. Jambo lenyewe ni kuchelewa kuiarifu benki wakati kadi ya kutolea mshahara inapopotea au inapoleta matatizo.

Siku hizi mwalimu hapangi foleni kupokea mshahara mkononi. Mshahara unaingia benki, na wengi wetu tunautoa kwa kadi, ama kwenye mashine ya mjini ama kwa wakala. Kwa hiyo kadi ndiyo unga, ndiyo sare za watoto. Lakini ajabu ni kwamba mwalimu akipoteza ufunguo wa stoo ya shule atauliza darasa kwa darasa kabla ya saa nne, na akipoteza kadi husema, "Nitaeleza nikienda mjini mshahara ukitoka." Sababu yake ni nauli. Sikatai kwamba nauli ni tatizo la kweli, lakini kuifunga kadi hakuhitaji nauli. Kunahitaji simu.

Namba ya simu hiyo mara nyingi imechapwa nyuma ya kadi yenyewe! Kadi ikipotea na namba imekwenda nayo. Kwa hiyo iandikwe mapema katika daftari la nyumbani, pamoja na namba ya akaunti. Namba ya siri ndiyo isiandikwe popote. Wala mtu asiombe namba ya benki kwa watu wa stendi, kwani matapeli nao wana namba zao, na watakaomjibu wa kwanza ni hao.

Simu ya kwanza kazi yake ni kufunga kadi tu. Habari ya kurudishiwa fedha itafuata. Yanayotokea kabla hujaiarifu benki ni rahisi kuhesabiwa kuwa uzembe wako, na yanayotokea baada ya kuiarifu ni ya kwao kueleza. Wenzetu wa Marekani wameziandika siku hizo katika sheria tangu mwaka 1978. Mwenye kadi ya akaunti akitoa taarifa ndani ya siku 2 za kazi tangu ajue kadi imepotea, hasara yake haizidi dola 50. Akichelewa yaweza kufika dola 500. Na akikaa zaidi ya siku 60 tangu apelekewe taarifa ya akaunti inayoonyesha wizi, fedha zinazochukuliwa baada ya hapo zaweza kupotea zote.

Liko pia tatizo la mashine inayonguruma, inahesabu, haitoi kitu, na salio linapungua. Pengine fedha hurudi zenyewe baada ya siku chache, pengine hazirudi. Mtu aandike hapo hapo tarehe, saa, mashine ilipo na kiasi alichoomba, na kile kikaratasi asikitupe. Taarifa aipeleke kwa benki iliyompa kadi, hata kama mashine ni ya benki nyingine. Mashine inaweka kumbukumbu na fedha zilizomo huhesabiwa, hivyo ukweli unaweza kupatikana. Lakini ndugu anayekwenda baada ya miezi miwili na kusema, "Ilikuwa siku moja hivi, mashine ya karibu na soko," karani ataanzia wapi?

Baada ya simu, tuandike barua. Sisi ndio tunaowafundisha watoto barua rasmi, basi tuziandike na zetu. Tuombe namba ya lalamiko, na nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Kanuni za kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zipo, na Benki Kuu hupokea malalamiko, lakini itataka kujua kwanza kama ulilalamika kwa benki yako. Bila karatasi utasema nini?

Sasa nije kwenye jambo zito zaidi. Wako wenzetu wasioweza kupiga simu hiyo kwa sababu kadi haikupotea, imo mfukoni mwa mkopeshaji. Mtu amefiwa, au mtoto amefukuzwa ada, akakimbilia mikopo inayoitwa kausha damu. Akaacha kadi pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia, mkopeshaji ndiye anayefika kwenye mashine kwanza, na mwenye jasho lake anapewa kilichobaki. Siku akichukua zaidi ya walivyopatana, mwalimu anabaki kimya, maana benki itamwuliza ni nani aliyempa namba ya siri.

Siwacheki wenzangu hawa, shida hazina adabu. Lakini Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Mtu aliye katika kamba hii aiombe benki ifunge kadi ile na kumpa nyingine yenye namba mpya. Deni litabaki kuwa deni, naye alilipe kwa mapatano yaliyoandikwa, lakini mshahara aupokee mwenyewe.

Kwa upande wa mabenki nina ombi. Masharti ya kadi niliyopewa mimi yalikuwa kurasa kadhaa za Kiingereza cha mawakili, na nilisoma chuo cha ualimu. Je, mlinzi wa shule yetu, ambaye naye ana kadi, atayaelewaje? Waandike kwa Kiswahili, herufi kubwa, ni siku ngapi mtu anazo za kulalamika na ni siku ngapi wao wanazo za kujibu. Namba ya kufungia kadi ibandikwe kwa kila wakala, hata yule wa gulioni. Na anayepiga simu kusema kadi yake imepotea asiachwe anasikiliza muziki mpaka salio la simu limwishie.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kijijini, Singida.