Sabuni ya Jikoni na Mafuta ya Mwambani

Anayeishi Kariakoo na kutumia maji ya kisima anaijua adha hii: sufuria ya pilau imeganda mafuta, sabuni ya mche inasuguliwa, lakini maji yana chumvi na povu halitoki. Mtoto anayeosha vyombo akilalamika, wazazi tusimnyamazishe. Lalamiko lake ni mlango wa elimu kubwa.

Tuwatazame jirani zetu wa Uganda. Katika bonde la Ziwa Albert, ambako mafuta ya kibiashara yaligunduliwa mwaka 2006, inakadiriwa kuwa ardhini yamo mapipa bilioni 6.5. Yanayoweza kutolewa yamekadiriwa kuwa takriban bilioni 1.4 tu.

Kwa nini mengi hubaki? Mafuta hayakai ardhini kama maji ndani ya pipa. Yamo katika vitundu vidogo mno vya mwamba, mithili ya maji ndani ya sponji. Wahandisi huyasukuma kwa maji, lakini maji hayo hutafuta njia yake yakapita, na matone ya mafuta yakabaki yamenasa.

Hapo ndipo baadhi ya nchi hutumia sufaktanti, ambazo ni ndugu wa sabuni. Kila chembe yake ina ncha mbili: moja hupenda maji, nyingine hupenda mafuta. Ikikaa mpakani mwa viwili hivyo, hulegeza mvutano unaovitenga. Tone lililonasa hunyumbuka, likapenya na kusukumwa hadi kisimani.

Lakini maji ya mwambani nayo mara nyingi yana chumvi, tena ni ya moto. Sabuni ya kawaida hushindwa kama inavyoshindwa Kariakoo, na sehemu ya dawa hunata kwenye mwamba ikapotea. Kwa hiyo kila mwamba huhitaji dawa yake, na gharama yake hupimwa kwanza dhidi ya thamani ya mafuta yatakayopatikana.

Kazi hiyo ni ya mkemia. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Uganda linaishia kwetu, Chongoleani, Tanga. Nasi, watoto wetu wengi huiacha kemia wanapoingia kidato cha tatu, na baadhi yetu huona afadhali washike duka mapema. Kabla ya uamuzi huo, tukae nao penye beseni la vyombo, tuwaulize: kwa nini povu halitoki?

Allah awafungulie watoto wetu milango ya elimu yenye manufaa.